Gari Dogo la Mbio Katika Nchi ya Vilima

Kuna swali ambalo tumeulizwa mara nyingi mjini Gitega, na leo tumeona vema kulijibu hadharani. Mtu mwenye akili timamu, anayeishi katika nchi ya vilima visivyohesabika na kona zisizokwisha, ananunua gari dogo la mbio kwa kazi gani? Mbona asinunue gari la mizigo likamletea faida, au pikipiki ikampunguzia gharama? Wanaouliza hawana nia mbaya, wala swali lao si la kipuuzi. Sisi wenyewe tumejiuliza hivyo zaidi ya mara moja, tena usiku, tukiwa na hesabu ya fundi mkononi.

Kwanza tueleze ni gari la namna gani. Halikusudiwi lile la mashindano, lililochorwa namba ubavuni na lisilobeba mtu ila dereva na msaidizi wake. Tunalolisema ni gari la kawaida la nyumbani, lenye nafasi ya watu watano na buti la kutia gunia la mchele, ila waliolibuni walilipa injini yenye pumzi, usukani mwepesi wa kutii, na miguu imara ya kushika barabara kwenye kona. Afrika ya Mashariki inayajua magari ya aina hiyo tangu zamani. Katika mbio za magari za Safari, zilizoanza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, udogo haukuwa aibu. Mwaka 1974 Joginder Singh wa Kenya alizishinda kwa gari dogo la Mitsubishi Lancer lenye injini ya lita 1.6, akimwacha nyuma Björn Waldegård aliyekuwa na Porsche 911. Mwaka 1976 akashinda tena kwa Lancer. Waliosikia habari hizo redioni walijifunza jambo moja: katika barabara mbaya, wepesi na ustahimilivu huweza kuzidi nguvu.

Gari letu sisi ni Toyota Altezza. Lilianza kuuzwa Japani mwaka 1998, likatengenezwa hadi 2005, na katika nchi nyingine liliitwa Lexus IS. Jina hilo ni la Kiitaliano, na maana yake ni kimo, au utukufu wa mtu mwenye cheo. Letu lina injini ya lita mbili yenye silinda nne, gia sita za kuingizwa kwa mkono, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Kiwandani lilihesabiwa nguvu za farasi 210. Hata hivyo, msomaji asidanganyike na hesabu ya kiwandani. Gitega iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya saba ya nguvu zake. Mlima humtoza kila mtu kodi yake, hata Mtukufu Altezza.

Magari kama haya hutufikia yakiwa yametumika. Hutoka Japani kwa meli hadi bandari ya Dar es Salaam, kisha husafiri nchi kavu kupita Dodoma na Singida, hadi Kabanga upande wa Tanzania na Kobero upande wetu. Kutoka Kobero hadi mji wa Muyinga si mbali. Hapo mpakani ndipo hali ya ajabu inapoanza. Japani na Tanzania watu huendesha kwa kushika upande wa kushoto, na usukani uko kulia. Burundi tunashika upande wa kulia. Basi gari linavuka mpaka, barabara inabadilika upande, na usukani unabaki pale pale. Dereva anajikuta ameketi kando ya mtaro, na katikati ya barabara iko mbali naye kwa upana wa kiti kizima.

Kwa mtu aendaye polepole, hilo si neno. Kwa mwenye gari la mbio, ni jambo la uhai na kifo, kwa sababu raha kubwa ya gari la namna hii ni kulipita gari jingine. Na ili kulipita, sharti uone kilichoko mbele yake. Dereva aketiye upande wa mtaro hawezi kuona mpaka nusu ya gari lake iwe imekwisha kutoka.

Barabara ya kutoka Gitega hadi Muyinga ni ya lami, na urefu wake ni karibu kilomita 100. Inavuka mto Ruvubu, inapita Karuzi, kisha inapanda na kushuka kati ya mashamba ya kahawa na migomba. Asubuhi, ukungu ukiwa bado mabondeni, hatujui furaha iliyo sawa na kuteremsha gia kutoka ya nne hadi ya tatu kabla ya kona, kusikia injini ikiinua sauti, na kuliona gari likijipinda na barabara bila kuyumba. Furaha hiyo hatuioni kuwa dhambi. Mtu aliyefanya kazi yake kwa haki ana ruhusa ya kufurahia kitu kilichotengenezwa vizuri.

Lakini barabara hiyo si yetu peke yetu. Ni njia ya watoto waendao shule, ya akina mama wenye mizigo kichwani, na hasa ya wapanda baiskeli, ambao hushuka vilima na mikungu ya ndizi au magunia ya makaa kwa kasi inayotisha, wakitegemea breki ambazo pengine ni soli ya kiatu.

Siku moja tulikuwa tukimrudisha Muyinga baba yetu mdogo, mzee aliyewahi kuendesha malori ya njia ya Dar es Salaam kwa miaka mingi. Alikuwa ameketi kiti cha kushoto. Desturi yetu ilikuwa hivi: tukifika nyuma ya lori tunamwuliza, "Baba, njia nyeupe?" Naye hujibu "Nyeupe" au "Bado." Siku hiyo, baada ya kupita Karuzi, tulikuwa tumekaa nyuma ya lori kwa muda mrefu. Subira ikatuisha. Hatukuuliza. Tuliingiza gia ya tatu, tukakanyaga mafuta, tukachomoza.

Mzee alipiga kelele neno moja tu: "Rudi!"

Tulikanyaga breki tukarudi nyuma ya lori. Papo hapo akapita mtu wa baiskeli akiteremka, amefunga mikungu mitatu ya ndizi, na mbele yake kwenye chuma ameketi mtoto. Hakutuangalia hata kidogo. Nadhani hakujua.

Tulikwenda kilomita nyingi bila mtu kusema. Hatimaye mzee akasema kwa upole, "Mwanangu, gari hili macho yake yako upande wa mtaro. Upande wa barabara, macho yake ni mimi. Je, siku nisipokuwemo?"

Hatukuwa na jibu. Tangu siku hiyo tumeshika hesabu ambayo kila dereva angepaswa kuijua kama ajuavyo sala zake. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa, kwenye lami kavu, huhitaji karibu mita 28 kusimama, ukijumlisha sekunde moja ya dereva kushtuka. Likienda kilomita 100, halihitaji mita 56 kama wengi wadhanivyo. Huhitaji zaidi ya mita 80, kwa maana mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kufunga breki huzidi mara nne. Kona zilizo nyingi kati ya Gitega na Muyinga hazikuonyeshi mita 80 za mbele.

Tuseme pia juu ya mafuta. Kuanzia mwaka 2021 nchi yetu ilipatwa na upungufu wa petroli uliokuja na kuondoka, na mwaka 2024 watu walilala vituoni wakingoja zamu. Altezza yetu ilikaa majuma mazima chini ya mparachichi. Wapo waliotuletea petroli ya vidumu. Tuliijaribu mara moja tu. Injini hii hugandamiza hewa na mafuta kwa nguvu, na hutaka petroli safi ya daraja la juu. Ikipewa iliyochanganywa, huanza kugonga kama mtu anayepiga kokoto ndani ya debe. Fundi wetu alitwambia kwamba hewa nyepesi ya milimani huipunguzia injini adhabu hiyo, lakini haiponyi. Tukamwaga kilichobaki. Katika majuma yale tulijifunza kwamba gari lisilotembea nalo lina gharama zake: betri hufa, tairi hulemaa, na panya hupenda nyaya.

Kwa hiyo, yeyote anayefikiri kununua gari la namna hii, ushauri wetu ni mfupi. Fedha za kupamba bodi azitie kwenye tairi na breki. Mkanda wa injini aubadilishe kila kilomita 100,000, na kama hajui umetembea kiasi gani, aubadilishe siku anayolinunua, kwani ukikatika safari imekwisha. Apunguze hamu ya kulishusha gari karibu na ardhi. Matuta ya barabarani hayana huruma. Na akumbuke kwamba asubuhi ya Jumamosi, watu wakiwa katika kazi za maendeleo, hata gari la mbio hungoja.

Tunarudi kwa swali la mwanzo: la kazi gani? Gari hili halijatuletea faida ya fedha. Limempeleka mjomba hospitali, limebeba maharusi wawili, na limetupa asubuhi kadhaa za furaha ambazo hatuziuzi. Pia limetufundisha kungoja, jambo ambalo hatukulitarajia kutoka kwa gari la mbio.

Baba yetu mdogo hasafiri tena. Macho yake yamefifia, na huketi barazani kwake Muyinga akisikiliza magari yapitayo. Husema anaijua sauti ya letu kabla halijakata kona. Tukiwa peke yetu njiani, kiti cha kushoto kikiwa kitupu, tunakaa nyuma ya lori, pengine kutoka Karuzi hadi mlango wa mji, tukiwa na farasi wetu 210 wamefungwa. Tukifika tumechelewa, mzee huuliza, "Mlikuwa nyuma ya lori?" Tunajibu, "Ndiyo, baba." Naye huagiza chai.