Jina Halipimi Jiwe: Maneno ya Vito na Maana Zake

Mwalimu wa kemia anapoandika ubaoni kwamba fedha huyeyuka katika joto la nyuzi 962 za Selsiasi, huenda mwanafunzi akazikumbuka noti alizotumwa nazo dukani. Mwanafunzi huyo hastahili kuchekwa. Neno "fedha" ni metali, na pia ni njia ya kununulia. Katika makala haya tutaangalia maneno machache ya vito na mapambo, tuone yanatueleza nini na yanatuficha nini.

Maana mbili za "fedha" zina chanzo kimoja. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani walilipana kwa sarafu za fedha halisi, hasa riale za Maria Theresa kutoka Austria. Sarafu zetu za leo hazina fedha ndani yake, lakini jina limebaki.

Huko bara, katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, chakula kilinunuliwa zaidi kwa nguo na ushanga. Richard Burton, aliyefika Kaze, yaani Tabora, mwaka 1857, aliorodhesha aina nyingi za ushanga, kila moja kwa jina lake. Mmojawapo ni ule mwekundu ulioitwa samesame. Uzi mmoja wa ushanga uliitwa kete, na kete kumi zilifanya fundo. Leo kete ni ya bao au dama, na magazeti hulitumia neno hilo hilo kwa vifurushi vidogo vya dawa za kulevya. Kila mara kete ni kitu kidogo kinachohesabiwa kimoja kimoja.

Shanga nyingi za misafara zilitengenezwa Venice kwa kioo: mchanga wa silika ulioyeyushwa pamoja na magadi na chokaa, ukatiwa rangi kwa viasi vidogo vya madini. Kwa mkemia, karibu zote ni kitu kimoja. Kwa wapagazi haikuwa hivyo. Msafara uliobeba rangi isiyopendwa katika nchi fulani uliweza kulala njaa, ingawa mizigo yake ilikuwa mizima. Majina yale yalipima mapenzi ya wanunuzi, wala hayakupima maada.

Sasa tutazame neno "yakuti". Kiswahili hulitumia kwa jiwe jekundu, kama lipatikanalo Longido, na pia kwa jiwe la buluu, kama lipatikanalo Tunduru, ambalo huitwa yakuti samawi, maana yake yakuti ya rangi ya mbingu. Waingereza huyapa mawe hayo majina mawili yasiyohusiana, nami niliposoma ng'ambo nilidhani kwa muda kwamba lugha yetu ndiyo iliyochanganya. Kumbe mawe yote mawili ni oksidi ya alumini, Al₂O₃, yenye ugumu wa 9 katika kipimo cha Mohs. Kromi kidogo hulifanya jiwe kuwa jekundu. Chuma na titani hulifanya kuwa la buluu. Hapa neno la kale limeafikiana na maabara.

Lakini tusilitegemee jina kila mara. Lusu, wilayani Nzega, kaskazini ya mji wa Tabora, ni nchi ya dhahabu. Hapo ndipo ulipokuwa mgodi wa Golden Pride, uliochimbwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi 2014. Katika maeneo kama hayo "dhahabu" ni neno zito, na hata pamba imepata kuitwa dhahabu nyeupe. Miamba yenye dhahabu mara nyingi huwa pia na piriti, FeS₂, yaani salfaidi ya chuma, ambayo nayo ni ya manjano na hung'aa. Anayenunua kwa jina na rangi tu aweza kupoteza akiba ya mwaka mzima.

Majaribio matatu hutenganisha vitu hivi viwili. Kwanza, piga kipande kwa nyundo, ukiwa umekinga macho: dhahabu hubapa, piriti huvunjika. Pili, kisugue kwenye upande wa nyuma wa kigae cheupe, ule usiong'arishwa: dhahabu huacha mstari wa manjano, piriti huacha mstari mweusi wenye ukijani. Tatu, pima densiti. Kipande cha piriti kinachosukuma sentimita 10 za ujazo za maji kina uzito wa gramu 50 hivi. Dhahabu safi ya ujazo huo ina gramu 193. Jaribio la tatu halifai kwa dhahabu iliyo bado ndani ya jiwe, kwa kuwa hapo unapima mwamba pamoja nayo.

Mwalimu asiye na dhahabu ya kufundishia asivunjike moyo. Msumari wa chuma, kipande cha shaba, kokoto, mizani na silinda yenye vipimo vyatosha. Wanafunzi na waandike kwanza makisio yao kwa kutazama tu, kisha wapime, halafu walinganishe. Vyote ving'aavyo si dhahabu, walisema wahenga; kazi ya mwanafunzi wa sayansi ni kuonyesha kipi ndicho, kipi sicho, na kwa kipimo gani.