Kompyuta ya michezo: mtaji mdogo uanzie kwenye kadi

Mfanyabiashara anayetaka kufungua chumba cha michezo ya kompyuta, au kuunga mashine na kuziuza, anashika bidhaa inayopoteza thamani upesi. Kipuri kisichofaa kikishanunuliwa, mtaji umelala: hakirudi dukani, na mnunuzi wa pili hatoi bei uliyotoa wewe. Wiki hii tunaangalia namna ya kugawa fedha kabla ya kuingia sokoni.

Jambo la kwanza ni kujua kipuri gani kinafanya kazi kubwa. Kwa michezo mingi, kinachoamua picha ziende laini au zikatike ni kadi ya picha. Prosesa inafuata. Kasha lenye kioo na taa za rangi haliongezi hata picha moja kwa sekunde, ingawa ndilo linalomvuta mnunuzi mgeni.

Kipimo cha kuanzia, kwa kila shilingi 100 za mashine bila monita, ni hiki: kadi ya picha 38, prosesa 17, mazabodi 13, RAM 12, diski ya SSD 8, pawasaplai 8, kasha 4. Bei zikibadilika, hesabu nayo ibadilike, lakini mpangilio ubaki.

RAM ndiyo iliyovuruga hesabu za wengi. Mwishoni mwa 2025 bei yake ilipanda kwa kasi duniani, kwa kuwa viwanda vikubwa vitatu, Samsung, SK Hynix na Micron, vilielekeza nguvu kwenye mitambo ya akili mnemba. Anayeona RAM imemeza fungu lake apunguze kwenye kasha au ukubwa wa diski. Asiguse pawasaplai. Ya bei ya kutupa ikiungua inaweza kuondoka na kadi na mazabodi pamoja, hasa pale umeme unapopanda na kushuka.

Jambo la pili ni vipuri kukubaliana. Prosesa za AMD za soketi ya AM4 hutumia RAM ya DDR4. Za AM5, iliyoanza 2022, hutumia DDR5 pekee. Kwa Intel ya LGA1700, mazabodi nyingine huchukua DDR4 na nyingine DDR5. RAM ya aina moja haiingii kwenye nafasi ya nyingine, hivyo muuzaji akikwambia "zote ni sawa", hama duka. Nunua vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha GB 16, maana viwili hupitisha data kwa njia mbili kwa wakati mmoja.

Kwa mtaji mdogo, Ryzen 5 5600 ya AM4, iliyotoka 2022 kwa dola 199, bado inaendesha michezo mingi. Haina picha ndani yake, kwa hiyo bila kadi monita itabaki giza. Mwenye fedha pungufu atazame 5600G, ambayo ina picha zake. Itacheza michezo myepesi kwanza, kisha kadi ifuate faida ikipatikana.

Kadi ndiko penye mtego. Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za picha, na kadi zilizokesha kazini miezi mingi zikamwagwa kwenye soko la mitumba. Si zote mbovu. Lakini usilipe kabla ya kuiona ikiendesha mchezo mzito kwa nusu saa. Sikiliza feni, angalia kama picha inaweka madoa au mashine inajizima.

Usisahau gharama ya umeme. RX 580 ya 2017 imepimwa wati 185. RX 6600 ya 2021 ni wati 132, na ina nguvu zaidi. Tofauti ni wati 53. Ukifungua saa 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, na mashine ikawa kazini muda wote, hiyo ni karibu uniti 14 kwa kila mashine. Mwenye mashine sita anapoteza uniti zaidi ya 80 kila mwezi kwa kuokoa kidogo siku ya kununua. RTX 4060 ya 2023 hutumia chini zaidi, wati 115.

Wengine hununua kompyuta kuukuu za ofisi na kuzichomeka kadi. Njia hii inawezekana, ila kagua mambo mawili. Pawasaplai zake nyingi ni ndogo na hazina waya wa kulisha kadi, na umbo lake si la kawaida, hivyo kubadilisha ni shida. Pili, Windows 10 iliondolewa kwenye huduma ya kawaida Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane.

Ushauri wetu: andika kwanza michezo ambayo wateja wako wanaitaka, kisha chagua kadi, na vipuri vingine vifuate. Vipuri hivi hufuata dola, kwa hiyo chukua bei za maduka matatu siku moja. Unga mashine moja, ijaribu wiki nzima, ndipo ununue zilizobaki. Na dai risiti yenye namba ya kadi, kwani bila hiyo dhamana ni maneno matupu.