Dhahabu Iliyojificha Katika Majani ya Mawe



Wengi wenu mna kijana aliyekwenda Nairobi kutafuta kazi, akapanga chumba Mukuru kwa Njenga ili awe karibu na viwanda. Akija nyumbani kwa likizo huleta mkate, sukari na habari za mjini. Habari moja ni hii, kwamba dhahabu yaweza kupatikana mtoni bila kuchimba shimo, kwa kuosha yale majani mororo ya kijani yaotayo juu ya mawe kama zulia. Vijana wauliza kama wajaribu katika Mto Ngong, upitao hapo hapo Mukuru. Wazee wauliza kama wajaribu katika kijito cha shambani. Maswali yote mawili yafaa yajibiwe vizuri, maana jibu baya laweza kuharibu shamba.

JE, NI KWELI?

Ndiyo, ni kweli. Dhahabu ni nzito zaidi ya mara saba kuliko jiwe jeupe la ukubwa ule ule. Mvua kubwa inyeshapo, mto hujaa na kuchukua mchanga pamoja na vumbi la dhahabu, kama lipo. Maji yafurikayo hupita juu ya mawe yenye majani hayo. Majani hupunguza mbio za maji na kunasa vitu vizito, kama vile chekeche linasavyo makapi ya chai. Maji yakipungua, dhahabu hubaki imejificha katika mizizi.

Huko Kanada, katika jimbo la British Columbia, wataalamu wa miamba walitumia njia hii katika miaka ya 1980. Waliona kwamba majani hayo hukusanya dhahabu laini kuliko mchanga wa kawaida wa mtoni. Huko Marekani wako watu wafanyao hivyo siku za mapumziko, kama wengine waendavyo kuvua samaki.

KWA NINI SI MUKURU?

Mto hauwezi kuchukua kitu kisichokuwamo katika miamba yake. Mawe ya Nairobi yalitoka katika volkeno, nayo ni machanga kwa hesabu ya miamba. Hayana dhahabu ya kutafutwa. Miamba ya dhahabu ya Kakamega, Vihiga, Siaya na Migori ina umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Huko Pokot Magharibi pia watu huosha mchanga wa mito na kupata dhahabu. Basi mwambie kijana wako asipoteze nguvu katika Mto Ngong. Tena maji yake yana uchafu wa viwanda na vyoo, na mwenye kidonda asiyaguse kabisa.

NAMNA YA KUFANYA

Ikiwa kijito chako kiko katika nchi yenye dhahabu, fuata hatua hizi.

Kwanza, ngoja mvua ndefu zipungue na maji yashuke. Usiingie mtoni wakati wa mafuriko. Vaa viatu vya mpira, maana maji yaendayo polepole huweza kuwa na kichocho.

Pili, tafuta mwamba imara ulio juu kidogo ya maji ya kawaida, mahali ambapo mafuriko hufika. Upande wa ndani wa kona ya mto ni mzuri, kwa kuwa hapo maji huenda polepole.

Tatu, bandua majani kidogo tu kwa kisu butu, uyatie katika ndoo. Yaache mengine yaote tena. Usiguse nyasi wala miti ya ukingo, kwa sababu hiyo ndiyo ishikayo udongo wa shamba lako.

Nne, yachanechane majani ndani ya ndoo yenye maji, uyasugue na kuyakamua mpaka mchanga wote utoke. Chuja kwa chekeche ili uondoe majani na changarawe.

Tano, tia mchanga katika karai. Litikise ili vitu vizito vishuke chini, kisha liinamishe na kuosha mchanga mwepesi polepole. Dhahabu laini sana huweza kuelea. Tone moja la sabuni huisaidia kuzama.

Sita, utabaki na mchanga mweusi. Ukauke, kisha pitisha sumaku iliyofungwa katika karatasi ya nailoni. Mchanga mwingi mweusi utashikwa na sumaku, dhahabu haishikwi.

Ukiona kinachong'aa, kijaribu kwa ncha ya sindano. Dhahabu hubonyea, madini ya kudanganya huvunjika.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Usitumie zebaki. Watu wengi huitumia kukusanya vumbi la dhahabu, kisha huichoma jikoni. Moshi wake huharibu ubongo, na mtoto aliye tumboni ndiye aumiaye zaidi. Huko Minamata, nchini Japani, kiwanda kilitupa zebaki baharini, watu wakala samaki, na mwaka 1956 ugonjwa wake ukajulikana. Mkataba wa mataifa wa mwaka 2013 wa kupunguza zebaki umepewa jina la mji huo. Kazi ya majani ya mawe haihitaji zebaki hata kidogo.

Tena, jua sheria. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 yasema madini yote ni mali ya Jamhuri, hata yakiwa chini ya shamba lenye hati. Kabla ya kuanza kazi hii, au kuuza hata chembe, uliza ofisi ya madini ya kaunti yako kuhusu kibali.

Mwisho, kumbuka Kakamega. Dhahabu ilipopatikana huko mwaka 1931, wageni walimiminika. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni ilibadilisha sheria, hata ardhi ya wananchi ikaweza kuchukuliwa kwa ajili ya machimbo bila wao kupewa ardhi nyingine badala yake. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952. Dhahabu ilikwenda na wachimbaji wake, lakini wananchi wa Kakamega wangali wakiishi kwa mahindi, chai na maziwa.

Kwa hiyo, ndugu, Jumapili moja ya kuosha majani na watoto si vibaya. Watajifunza jinsi maji yachukuavyo udongo, jambo ambalo kila mkulima apaswa kulijua. Lakini pengine mtapata vumbi la kutosha juu ya ukucha tu, na ng'ombe hangoji: saa ya kukamua ikifika, acheni karai mrudi nyumbani. Wala asije mtu akakushawishi kuchimba ukingo wa kijito. Mto ukikosa ukingo, mvua ijayo itachukua udongo wako mweusi, na huo hakuna karai liwezalo kuurudisha.