Aliyewekwa Nafasi ya 97

Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda mwaka 1954. Katika vijiji vya karibu na Kampala alizitembelea familia za Kiganda, akitazama jinsi watoto wachanga wanavyomlilia mama, wanavyomfuata na kumng'ang'ania. Kitabu chake kuhusu kazi hiyo kilitoka mwaka 1967. Baadaye, huko Baltimore, Marekani, alibuni jaribio fupi: mtoto wa umri wa mwaka mmoja hivi anaachwa pamoja na mgeni, mama anatoka, kisha anarudi, na watafiti wanaangalia mtoto anavyompokea. Ni vigumu leo kusomea malezi chuoni bila kukutana na jaribio hilo.

Mwaka 2002 Steven Haggbloom na wenzake walichapisha orodha ya wanasaikolojia mashuhuri wa karne ya 20. B. F. Skinner aliongoza, akafuatwa na Jean Piaget na Sigmund Freud. Ainsworth alikuwa wa 97. Utaona mara nyingi ikiandikwa kwamba yeye ni wa 97 kwa kurejelewa na wenzake. Sivyo. Marejeo katika majarida yalikuwa kiungo kimoja tu cha mchuzi huo. Waandaaji walihesabu pia majina yaliyotajwa katika vitabu vya kiada vya wanaoanza somo, wakawauliza wanasaikolojia maoni yao, kisha wakaangalia nani alikuwa mwanachama wa Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani, nani alipata tuzo au urais wa chama cha wanasaikolojia cha nchi hiyo, na jina la nani limegeuka istilahi.

Badilisha kipimo, na wakubwa wanabadilishana viti. Kwa majarida peke yake, Freud ndiye wa kwanza. Wilhelm Wundt, aliyefungua maabara mashuhuri ya saikolojia Leipzig mwaka 1879, alitupwa kwenye nafasi za tisini na kitu. Sishangai: mwanzilishi hufika mahali ambapo kila mtu anatumia kazi yake na hakuna anayeona haja ya kumtaja. Mwanamke wa juu kabisa, Elizabeth Loftus, alikuwa wa 58. Ukijumlisha tuzo, vyeo na vitabu vya kiada, unakuwa pia umepima ni nani aliyefunguliwa milango ya taasisi katika karne hiyo.

Siku hizi vyuo vinapenda zaidi kipimo cha h, alichopendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Tuseme mtafiti ana makala sita, zilizorejelewa mara 40, 22, 9, 5, 4 na 1. H yake ni 4, kwa kuwa makala nne zimerejelewa angalau mara nne kila moja, lakini hazifiki tano zenye marejeo matano. Mtu wa makala moja iliyorejelewa mara elfu kumi, asiye na nyingine, atabaki na 1. Kipimo hiki hakishuki kamwe, kwa hiyo kinampendelea mkongwe. Mtafiti wa ubongo na mtafiti wa historia ya saikolojia hawalinganishwi nacho kwa haki, maana idadi ya wanaoandika katika nyanja zao haikaribiani.

Tena, hesabu haiulizi umerejelewa kwa nini. Anayekupinga anakuongezea sawa na anayekusifu. Hans Eysenck alikuwa wa tatu kwa majarida katika orodha ile ya 2002. Mwaka 2019 uchunguzi wa King's College London ukaziona makala zake 26 kuwa si za kuaminika, nyingi zikihusisha haiba ya mtu na saratani au maradhi ya moyo.

Kwa msomi wa Dodoma au Eldoret kuna tatizo jingine. Hifadhidata kubwa zinazohesabu marejeo huingiza majarida machache ya Afrika, na ya Kiswahili ni haba mno. Makala inayosomwa na kila mshauri nasaha wa mkoa inaweza kuonekana humo kama haipo.

Azimio la San Francisco la mwaka 2012 lilitaka kazi ya mtafiti ipimwe kwa yaliyomo, isipimwe kwa hadhi ya jarida lililoichapisha. Kulitia saini ni rahisi. Kamati ya kupandisha vyeo yenye rundo la mafaili na alasiri moja bado itaitafuta namba kwanza, na mwombaji ana haki ya kuuliza namba hiyo imehesabu nini.