Fahamu: Maabara ndogo ya maji Goma ianzie wapi?

Familia nyingi za Goma na vijiji vilivyo chini ya Nyiragongo na Nyamulagira hukinga maji ya mvua kwenye mabati. Lakini moshi wa volkano hizo una floraidi, na mvua huishusha hadi ndani ya pipa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekunywa maji yaliyopita kiwango hicho kwa miaka huweza kuota meno yenye madoa ya kahawia, na mswaki hauyatoi. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua, floraidi hubaki.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, maabara changa ianze na floraidi, siyo mashine ghali za kupimia metali. Inahitaji elektrodi ya floraidi, mita ya betri, kemikali ya kusawazisha asidi ya sampuli, na myeyusho wa kiwango kinachojulikana wa kurekebishia mita kabla ya kazi. Sampuli ziwekwe kwenye chupa za plastiki, maana floraidi kwenye maji yenye asidi hula kioo. Baadhi ya sampuli zipimwe pia kwenye maabara nyingine, kisha majibu yarudishwe haraka kwa wenye mapipa.