Jamaa na Kudumu kwa Mwanachuo Masomoni

Kila mwaka baadhi ya vijana wanaoingia chuo kikuu huacha masomo kabla ya kuhitimu. Aghalabu husemwa kwamba hawakuwa na akili ya kutosha. Je, ndivyo?

Mwaka 1975 mtaalamu wa Marekani, Vincent Tinto, alieleza kuwa mwanachuo hudumu kadiri anavyofungamana na masomo na jumuiya ya chuo. Mwaka 1987 aliongeza kwamba, ili afungamane hivyo, hana budi kwanza kujitenga kwa kiasi na jumuiya alikotoka. William Tierney, aliyechunguza wanachuo wa makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani, alilipinga wazo hilo mwaka 1992: kumtaka kijana auache utamaduni wa kwao ni kumwongezea mzigo. Baadaye Tinto mwenyewe alikubali kwamba, kwa wanachuo wengine, uhusiano na jamaa ndio unaowadumisha.

Sababu yake yaeleweka. Mwanachuo aliyeshindwa mtihani wa kwanza huona haya, akajificha. Akiwapo mama au mjomba anayemwuliza habari za masomo bila kumkaripia, atasema mapema, naye atahimizwa kumwona mhadhiri wake. Kazi hiyo haihitaji shahada. Lakini jamaa wanaomwita nyumbani kwa kila shughuli, hata wakati wa mitihani, humrudisha nyuma.

Basi walimu, waelezeni wazazi utaratibu wa chuo kabla vijana hawajaondoka. Nanyi wanafunzi, msiwafiche jamaa zenu matokeo mabaya: hapo ndipo msaada wao unapohitajika zaidi kuliko karo.