Wino Uliokataa Kushika: Jezi za Madrasa na Amana ya Fundi

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Wasomaji wetu wapendwa, mama na dada zetu, juma hili tumeacha kwa muda maudhui ya malezi ili tuzungumzie jambo ambalo huenda likaonekana dogo: wino unaobanduka katika jezi ya mitumba. Tumeliandika kwa sababu nyumba nyingi za mitaa yetu sasa zinapata riziki kwa kupiga chapa fulana na jezi, na kwa sababu limetufika sisi wenyewe.

Kabla ya Idi, wazazi wa madrasa yetu walinunua jezi 30 za mitumba katika soko la Kongowea ili watoto wacheze mpira siku ya sikukuu. Zilikuwa jezi nzuri, nyepesi, zote za poliesta. Tukampa kazi ya kuzipiga chapa jirani yetu mmoja, mjane anayelea watoto wanne, mwenye fremu moja ya skrini na pasi ya nyumbani. Akaweka jina la madrasa kifuani na nambari mgongoni. Siku tatu kabla ya Idi akafua moja kwa majaribio. Nambari ikatoka yote ndani ya beseni, kama ganda la ndizi.

Alitujia baada ya Isha, jezi mkononi. "Maalim," alisema, "nguo imenikataa. Nikizitoa hivi zilivyo, siku ya Idi zitapendeza na hapana atakayejua. Nikisema, pesa ya karo nimekwisha kuilipa."

Hatukumjibu papo hapo, kwani sisi ndio tuliomharakisha. Alipotuomba wiki mbili, tulimpa siku tano. Tukamwambia: "Dada yetu, tupe usiku mmoja, na kesho twende pamoja kwa mjuzi."

Asubuhi tukaenda kwa fundi mmoja wa chapa mjini Mombasa, mzee wa kazi hiyo. Aliyotufundisha tunayaeleza hapa ili yasimpate mwingine.

Jambo la kwanza ni asili ya nguo yenyewe. Uzi wa pamba hunywa. Katika hewa ya kawaida hubeba unyevu wa kadiri ya asilimia 8 ya uzito wake, na wino hupata mahali pa kuingia. Poliesta ni jamii ya plastiki, na unyevu wake haufiki asilimia 1. Wino hauingii ndani ya uzi. Hukaa juu yake na kuukumbatia tu. Kwa hiyo chochote kilicho baina ya wino na uzi huuzuia kushika.

Na jezi ya mitumba haikosi kitu baina. Ina mafuta ya jasho, ina mabaki ya dawa ya kwapa, na aghlabu ina utando wa dawa ya kulainisha nguo iliyotumiwa na mwenyewe wa kwanza. Fundi alidondosha tone la maji juu ya jezi. Likisambaa, nguo ina matumaini. Likisimama kama ushanga, pana utando juu yake. Nguo hiyo ifuliwe kwa maji ya moto na sabuni ya kawaida, isuuzwe mara mbili, na isitiwe dawa yoyote ya kulainisha. Ikikauka, mahali pa chapa pafutwe kwa spiriti na kitambaa cheupe, paachwe pakauke kabisa, mbali na moto. Ikiwa tone bado linasimama, basi nguo hiyo ilitiwa kinga ya maji kiwandani, nayo huhitaji wino wenye dawa maalumu ya kushikisha, au iachwe. Kadhalika chapa ya zamani isifunikwe kwa chapa mpya, kwa kuwa wino utashika chapa ile wala hautashika nguo. Ile ikitoka, hutoka navyo vyote viwili.

Jambo la pili ni moto. Wino alioutumia jirani yetu ni ule uitwao plastisoli. Huo haukauki kwa upepo wala jua, hata ukianikwa mwezi mzima. Hauna budi kuiva. Plastisoli ya kawaida huiva kwenye nyuzi joto 160 hivi, na joto hilo lifike mpaka chini ya wino, si juu peke yake. Pasi ya nyumbani hupasha hapa ikaacha pale. Wino ukawa mkavu kwa kuguswa, na chini yake mbichi.

Mtu atasema: basi na tuzidishe moto. Hapo ndipo penye mtego wa poliesta. Rangi ya nguo hii iliingizwa kiwandani kwa joto kali, na ikipata joto kali tena huamka, ikageuka mvuke na kupanda katika wino. Jirani yetu alipoona wino mlegevu katika jezi nyekundu, alikaza pasi. Nambari nyeupe zikawa za waridi. Na wakati mwingine mabadiliko hayo hayaonekani siku hiyo, huja baada ya siku kadhaa, nguo imeshafika kwa mwenyewe.

Dawa yake, alisema fundi, ni wino uliotengenezwa kwa ajili ya poliesta, unaoiva kwenye nyuzi joto 130 hivi na unaonyumbuka nguo inapovutwa. Kwa jezi nyekundu na za rangi nzito, hutangulizwa tabaka la wino wa kijivu au mweusi wa kuzuia rangi, kisha cheupe juu yake. Maelezo ya mtengenezaji yafuatwe, na joto lipimwe juu ya wino wenyewe. Nguo zikitoka motoni zisirundikwe. Zipoe kwanza moja moja, kwani joto lililofungiwa ndani ya lundo huendelea kuamsha rangi. Na kabla ya kupiga chapa 30, ipigwe moja: ivutwe, isubiriwe siku kadhaa, ifuliwe mara tatu au nne. Wino ukipasuka, haujaiva. Ukibanduka mzima, nguo haikuwa safi.

Sasa turejee kwenye swali la usiku ule. Mtume wetu (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono katika lundo la chakula, akakuta ndani yake umaji uliofichwa. Alimkemea muuzaji kwa kutouweka juu watu wauone, akawatenga wadanganyifu na umati wake. Jezi itakayopendeza siku moja ya Idi na kuharibika katika beseni la kwanza, ni lundo lile lile.

Ama hasara, ni ya nani? Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imamu Shafii ni kwamba mali ya mteja iliyo mkononi mwa fundi ni amana. Hailipi ila akizembea au akivuka mpaka. Kupiga chapa jezi zote bila kujaribu moja ni uzembe. Lakini aliyemnyima fundi muda wa kujaribu, naye ana sehemu yake.

Jirani yetu aliwaambia wazazi kweli yote, mbele yetu, baada ya sala ya Alasiri. Wawili walikasirika, waliobaki walinyamaza, kisha mmoja akasema watoto wacheze na kanzu zao ikibidi. Fundi alitupa nafasi katika mashine yake ya kubana kwa joto. Jezi 13 kosa lao lilikuwa uhaba wa moto tu, zikarudishwa motoni zikaiva. Jezi 9 zilibanduliwa wino, zikafuliwa na kupigwa upya. Nyekundu 8 hazikuokoka. Bei ya hizo tuligawana nusu kwa nusu, na nusu yetu si sadaka. Ni deni la haraka yetu.

Siku ya Idi watoto wanane walicheza na fulana za nyumbani. Jirani yetu ana kazi mpya ya jezi 20, na safari hii ameomba wiki tatu. Amepewa.

Basi, mama zetu mnaotafuta halali kwa mikono yenu, ombeni muda kabla ya kupokea malipo. Nasi tunaowapa kazi, tuwape muda huo. Wabillahi tawfiq.